Nia alikuwa nayo hata Roma

Hapa kwetu Lubumbashi kijana akiumia goti, kabla hajafika hata nyumbani kuna mtu ameshamtajia Ronaldo. Ule wa Brazil, si ule wa Ureno. Eti peti, yaani mdogo wangu, usilie, Ronaldo goti lilimkatikia mara mbili na bado akabeba Kombe la Dunia, wewe amini tu, nia ndiyo kila kitu. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, niliambiwa na kocha, na mchungaji, na motari aliyenibeba siku ile, yaani karibu Katuba nzima, komini yetu, ilikuwa na hadithi moja mdomoni. Siku hizi wameongeza na Haller wa Ivory Coast, huyo sisi Wakongo tungependa tusimkumbuke kabisa, maana alipata kansa, akatibiwa, akarudi uwanjani, na kati ya watu wote duniani akaja kutufunga sisi, nusu fainali ya CAN, Kombe la Afrika, pale Abidjan, Februari 2024, moja bila, tukabaki kugombania nafasi ya tatu. Sawa, goli lilikuwa zuri, tusibishane.

Sibishi kwamba hizo habari ni za kweli. Ninachobisha ni namna zinavyosimuliwa, watu wanaanzia mwisho. Wanakuonyesha kombe alafu wanakuambia ona, alitaka, akapata. Na kijana mwenye goti lililovimba anabaki anafikiri kazi yake ni kutaka kwa nguvu.

Hata mimi Ronaldo nilimjua kwa kuanzia mwisho. Tarehe 30 Juni 2002 ilikuwa Jumapili na juu ya hiyo ilikuwa sikukuu ya Uhuru wa Kongo, watu wametoka misa wanaenda kunywa, na fainali ya Yokohama kwetu ilianza saa saba mchana. Tuliangalia kwa jirani aliyekuwa na televisheni na grupu ya mafuta, yaani jenereta, maana umeme wa kwetu haukuwa wa kuaminiwa, watoto chini kwenye sakafu, wakubwa kwenye viti, wengine wamesimama nje wanachungulia dirishani. Brazil na Ujerumani. Kahn, yule golikipa wa Wajerumani, mpaka siku ile alikuwa amefungwa goli moja tu mashindano yote. Dakika ya 67 Rivaldo anapiga, mpira unamponyoka Kahn kifuani, Ronaldo ameshafika. Dakika ya 79 mpira unatoka upande wa kulia, Rivaldo anafungua miguu anauacha upite, Ronaldo anautuliza anauweka pembeni. Mawili kwa bila, na yeye jumla magoli 8. Wiki ile watoto wa mtaa wetu tulinyoa ile nyoo yake ya kipuuzi, kichwa chote upara na kishungi kimoja mbele, mama alinichapa nayo mbele ya wageni. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mwenyewe alisema alinyoa vile ili waandishi waache kumuuliza habari za mguu waongee habari za nywele. Mjanja yule. Kumbe tulichodhani ni fashoni ilikuwa habari ya kuumia.

Papa alikuwa anafanya kazi ya reli, na mtu wa reli hapa Lubumbashi huna haja ya kumuuliza anashabikia nani, ni Lupopo, njano na bluu, Mazembe ni watu wa upande mwingine. Lakini Desemba 2010 Mazembe walipowapiga Internacional ya Brazil mbili bila kule Abu Dhabi na kuingia fainali ya klabu za dunia, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, papa alitoka nje akasimama barabarani na watu wa Kamalondo, komini ya Mazembe, wanapita wanaimba, golikipa wao Kidiaba anarukaruka na makalio kwenye kila televisheni ya mji, na papa anacheka anasema leo sina ekipe, sina timu. Fainali Inter ya Italia waliwachapa 3, haidhuru. Kuanzia pale kijana yeyote wa mji huu mwenye mguu mwepesi aliona barabara imefunguka mbele yake. Mimi nilikuwa winga wa kulia kwenye timu moja ndogo ya ligi ya mji, miaka ishirini na kidogo, mbio nilikuwa nazo, na kulikuwa na maneno ya kupanda juu. Maneno tu, lakini unayalalia unaota nayo.

Siku ya kuumia hakuna aliyenigusa. Hii watu wanakataa kabisa kuamini, wanataka beki mmoja mbaya wa kulaumu. Ilikuwa kiangazi, tereni ya Katuba kiangazi ni udongo mwekundu uliokauka mpaka unalia chini ya viatu, nimekimbia na mpira kandokando ya mstari, nikapiga mguu chini nikate kuingia ndani, mguu ukabaki umesimama na mwili ukageuka. Nikasikia tok. Beki naye aliisikia, maana aliangalia chini akidhani nimekanyaga kijiti. Jioni goti lilikuwa limejaa, siwezi kuvaa suruali. Baadaye nilifundishwa kwamba goti likivimba haraka namna ile, ndani ya masaa machache tu, mara nyingi ni damu imeingia ndani ya kiungo, na damu maana yake kuna kitu kimekatika. Siku ile hakuna aliyesema hivyo. Nilipelekwa kupiga radio, yaani picha ya eksirei, radio ikaonyesha mfupa mzima, wakaandika mzima, dawa ya maumivu, pumzika wiki chache, kwaheri. Radio inaonyesha mfupa, haionyeshi ligamenti, na hilo neno moja lingetosha kusemwa pale pale mezani na lisingemgharimu mtu kitu.

Basi nikaenda kwa papa mmoja wa kukanda, maji ya moto na majani, akanipiga na chale pande zote mbili za goti, mpaka leo alama ninazo. Simcheki. Uvimbe ulishuka, maumivu yakaisha, nikaanza kutembea vizuri hadi watu wanapiga makofi. Na hapo ndipo aina hii ya goti inawadanganya watu, juu linapona kweli. Linapona kwa kutembea, kwa kusimama, kwa kupanda pikipiki, linapona kwa kila kitu isipokuwa kugeuka. Siku ukigeuka haraka kumwitikia mtu aliyekuita, linakuachia kama mlango uliotoka bawaba. Liliniachia nikishuka kwenye basi, likaniachia uwani nimebeba ndoo ya maji, na kila likiachia linavimba upya. Shangazi yangu akawa na maelezo yake tayari, eti batu njo bamefanya, yaani nimerogwa, ile ekipe ingine haikupendaka kukuona unakimbia. Hapo nyumbani tukagawanyika, nusu wanataka maombi ya usiku, nusu wanataka radio nyingine.

Aliyetukata maneno alikuwa mama mmoja kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu mzima, tulielekezwa kwake na mtoto wake aliyekuwa amesoma na dada yangu. Hakuuliza mambo mengi. Akanilaza, akakunja goti zima kidogo, mkono mmoja akashika paja, mwingine akashika chini ya goti, akavuta kuja kwake. Ikakata, tap, ikasimama. Akahamia mguu mbaya, akavuta vile vile, na mfupa wa muundi ukaja tu, ukaja, hauna mahali pa kusimama. Hata papa aliyekuwa amekaa kwenye kiti aliona kwa macho.

"Umeona?" akaniambia. "Huku inakata, huku haikati. Ligamenti kruaze ya mbele imekatika. Mfupa haiko na kitu, njo maana radio haikuona."

Akatuchorea kwenye karatasi, ndani ya goti kuna kamba mbili zinapishana msalaba, ya mbele kazi yake ni kuzuia muundi usiteleze mbele na usizunguke ovyo, na hiyo ikikatika kabisa mara nyingi haijiungi yenyewe hata ukilala mwaka. Mimi nikamtolea Ronaldo wangu. Nikamwambia mama kine, mbona Ronaldo alikatika mara mbili na alirudi. Alicheka kwa sauti, mume wake ni mtu wa Mazembe, mpira anausikia kila siku ndani ya nyumba.

"Ronaldo haikukuwa hii, mutoto yangu. Ile yake ilikuwa kano ya chini ya pia ya goti. Ni ugonjwa ingine. Na weye unasemaka alirudi, ulishaangalia mara ya kwanza vile alirudi?"

Sikuwa nimeangalia. Nilijua alikatika mara mbili jinsi unavyojua kwamba Yesu alianguka mara tatu njiani, unahesabu tu unapita.

Basi usiku wakati megabaiti ni bei ya chini nikaanza kutafuta. Ilikuwa hivi. Tarehe 21 Novemba 1999 Inter wanacheza na Lecce, kano inayofunga pia ya goti la kulia kwenye mfupa wa muundi inapasuka, siyo yote, sehemu. Wanampasua Paris, Profesa Gérard Saillant, mtu mwenye jina kubwa kwenye kazi hiyo. Anakaa nje karibu miezi 5. Tarehe 12 Aprili 2000 ni fainali ya Kombe la Italia, mechi ya kwanza, Lazio na Inter, uwanja wa Olimpico, Roma. Kipindi cha pili anaingia. Anacheza dakika sita saba hivi. Anapata mpira mbele ya beki, anaanza ile michezo yake ya kupitisha mguu juu ya mpira, na goti linakunjika lenyewe. Hakuna aliyemgusa. Anaanguka ameshika goti kwa mikono miwili na analia kilio ambacho hata bila sauti ya simu unakisikia, wachezaji wa Lazio wanashika vichwa. Safari hii kano yote. Mama kine alinieleza kinachotokea, msuli wa paja ni mkubwa na unavuta juu muda wote, kano ya chini ikikatika hakuna kinachoishikilia pia, inapanda juu ya paja. Niliitazama ile video usiku mwingi kuliko niliyoyatazama magoli ya Yokohama maisha yangu yote.

Sasa niambie, siku ile Roma alikosa nini? Nia? Alikuwa na miaka 23, mchezaji bora wa dunia, pengine hakuna mtu pale uwanjani aliyetaka kucheza kuliko yeye. Maombi? Brazil nzima ilikuwa inamwombea. Daktari mzuri alikuwa naye, feza ilikuwepo, klabu ilikuwepo. Imani alikuwa nayo, angekuwa hana angeenda kumfuata yule beki vile? Kwa hiyo mtu anaponiambia nia ndiyo kila kitu mimi huwa nauliza, nia ipi, ya Yokohama au ya Roma, maana naona ni nia ile ile ya mtu yule yule.

Nikiangalia kilichobadilika kati ya safari ya kwanza na ya pili naona muda. Baada ya Roma msimu wote wa 2000 na 2001 hakucheza. Alirudi Septemba 2001, na hata hapo ni mechi chache, misuli inamsumbua anatoka, anarudi, anatoka, watu wanasema amekwisha. Scolari, kocha wa Brazil, akamchukua Korea na Japani hivyo hivyo na Romário, mshambuliaji mwingine mkubwa, akaachwa nyumbani, Wabrazil walipiga kelele sana juu ya hilo. Kutoka Roma mpaka Yokohama ni zaidi ya miaka 2. Na hiyo miaka 2, jamani, kuna mtu alikuwa analipia. Alikuwa na mkataba na Inter, ana nyumba, ana kine wake wa kwake kila asubuhi. Haller naye alipougua klabu yake ya Ujerumani ilimsubiri mpaka alipopona. Sisi huku ukikaa nje hupati premi, ile pesa ya mechi, na ukikosa premi mwezi wa pili nyumbani wanaanza kukuuliza kwa upole kama hakuna mtu anayekujua huko kwenye makampuni ya migodi. Hii sehemu ndiyo wahubiri wa Ronaldo wanairuka. Daktari mkubwa sina, mkataba sina, kine wa kila asubuhi sina. Kitu kimoja tu kwenye ile orodha yake ndicho mtoto wa Katuba anaweza kujaribu kujipatia, ni kusubiri, na chenyewe kinataka mtu wa kukulisha wakati unasubiri. Mimi aliyenilisha ni mama, kwa kuuza makala, yaani mkaa. Sina njia nyingine ya kulisema.

Kupasuliwa kulitajwa. Bei tuliyotajiwa ilikuwa ya nje ya nchi, na nauli, na mtu wa kunisindikiza, papa alisikiliza mpaka mwisho alafu akauliza mama kine, na bila kupasua? Akasema bila kupasua wengine wanaweza. Akatuambia kule Sweden walishawafuatilia vijana wenye ligamenti hii iliyokatika, wale walioanza na mazoezi kwanza, karibu nusu yao hawakuja kuhitaji kisu, lakini ni mazoezi ya kweli, si ya kudanganya, na haahidi kitu juu ya winga. Neno la mwisho lile nililisikia vizuri kabisa na nikajifanya sijalisikia.

Mazoezi yenyewe sasa. Ukitaka kumuua mchezaji mpe zoezi la kwanza la goti. Unakaa chini umenyoosha mguu, taulo limekunjwa chini ya goti, unalibana taulo na goti, unahesabu, unaachia. Basi. Hilo tu, asubuhi na jioni. Paja langu la kulia lilikuwa limekwisha, jirani yetu fundi cherehani alilipima na futi yake akanyamaza akapima tena. Alafu kuinua mguu umenyooka. Alafu mfuko wa mchanga kwenye kifundo. Alafu mpira wa ndani wa tairi la baiskeli umefungwa kwenye mguu wa kitanda, unavuta nao nyuma, kwa misuli ya nyuma ya paja, maana mama kine alisema hiyo ndiyo itafanya kazi ya ligamenti iliyokwenda, lazima iwe na nguvu kuliko ya mtu wa kawaida. Kupanda ngazi na mguu mmoja. Kusimama na mguu mmoja juu ya mto macho yamefungwa, hapo ndipo nilijua goti lina akili yake na akili hiyo nayo ilikuwa imepotea. Wenzangu wa ekipe wiki ya kwanza walikuja wengi, na sukre, yaani soda, na kelele, wiki ya pili wachache, alafu hakuna. Siwalaumu, mtu anayebana taulo hana habari mpya ya kukupa.

Kilichokuwa kigumu si maumivu. Ni kwamba hakuna siku unayoona umesogea. Unaangalia nyuma baada ya miezi ndiyo unaona, ah, kumbe ndoo sasa naibeba. Ronaldo alipita pale pale kwa muda mrefu kuliko mimi na hakuna video yake yoyote ya kipindi hicho ambayo watoto wanaitafuta.

Mtihani wa kurudi mama kine aliufanya na chaki kwenye saruji ya uwani kwake. Unasimama mguu mmoja nyuma ya mstari, unaruka, unatua na mguu ule ule bila kuyumba, anaweka alama. Mguu mzima kwanza, alafu mbaya. Mbaya ukifika angalau 90 kwa 100 ya mzima tunaongea, haukufika tunarudi kwenye ngazi. Akaongeza ya kwake, unaruka huku anakutupia mpira na anakuuliza kutoa na kujumlisha kwa Kifaransa, anasema kwenye mechi hakuna mtu anayekuachia nafasi ya kufikiria goti. Na hata ukifaulu, kabla miezi 9 haijaisha hataki kusikia neno mechi.

Ndani ya hiyo miezi, bado mguu hauifikii alama, kocha akaja nyumbani. Jumapili mchana, yeye na papa wawili wa komite, wamebeba kreti ya sukre, na wakakaa. Mama akawapa bukari na vitoyo, wakala, wakasifu. Alafu kocha akaanza, tuna fainali Jumamosi, hatuna mtu wa pembeni, dakika 20 tu za mwisho, hautakimbia, utapiga frikiki na kona, watu bakuone tu.

Nikamwambia, "Kocha, Ronaldo alipewa sita."

Hakuelewa. Papa mmoja wa komite akaanza kunieleza habari za imani, kwamba Ronaldo huyo huyo goti lilikatika mara mbili, na mama akakata, akasema tena kwa adabu kabisa huku anakusanya sahani, "Ba papa, mulikuja muzuri na mukule muzuri. Mutoto haende."

Tulifungwa kwa penalti. Yaani walifungwa. Na Jumatatu habari ikawa mtaani kwamba nimekula feza ya wale wengine, ndiyo maana nilikataa, goti lilishapona zamani, watu si wanamwona anatembea? Mtu mmoja aliniambia hilo mbele ya dada yangu. Liliuma kuliko chale, na halikufa mapema, hata sasa kuna mzee mmoja pale komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, karibu na uwanja wa Kibassa Maliba, tukikutana ananiuliza zilikuwa dola ngapi, anacheka, sijui kama anatania.

Nilirudi msimu uliofuata, dakika chache chache. Na hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyenitayarisha, hata mama kine alilisema nusu tu. Mguu ulikuwa tayari na mimi siko tayari. Nikifika pembeni na mpira, mahali pa kukata ndani, mwili unakataa, unarudisha nyuma. Beki wa mji huu hawachelewi kuona kitu kama hicho, baada ya mechi mbili walikuwa wananiachia upande wote wanasubiri nirudishe. Kocha mpya, kijana kidogo, akanitoa winga akaniweka namba 6, mbele ya mabeki. Nilikasirika siku nyingi. Namba 6 hakimbii, anasimama mahali ambapo mpira utakuja. Nikaanza kuona vitu ambavyo winga haoni, nani amechoka, nani anaogopa mguu wake wa kushoto, mpira unaenda wapi baada ya ule unaokuja.

Ndiyo nikarudi kwa Ronaldo tena, safari hii kwa jicho lingine. Tazama goli lake la Oktoba 1996, Barcelona na Compostela, anachukua mpira katikati ya uwanja, wanamvuta jezi, anaenda nao mpaka ndani. Alafu tazama Old Trafford, uwanja wa Manchester United, Aprili 2003, yuko Real Madrid, magoli 3 na Waingereza wenyewe wanasimama kumpigia makofi akitoka. Ni mtu mwingine. Wa kwanza anabeba mpira nusu ya uwanja, wa pili anautokea, anapiga. Hata Yokohama, magoli yote mawili yalifungwa na mtu aliyekuwa mahali pake. Kombe la 2006 akawafunga Ghana, likawa goli lake la 15 la Kombe la Dunia, tayari mwili mzito. Februari 2008 yuko Milan, mechi na Livorno, kano inakatika tena, safari hii goti la kushoto. Hii ya tatu ndiyo hakuna mtu Katuba anayeitaja, inaharibu hesabu yao ya mara mbili na kombe. Alirudi hata kwa hiyo, Brazil, na Corinthians, 2009, mnene, watu wanamcheka tumbo, akachukua nao ubingwa wa São Paulo na Kombe la Brazil mwaka mmoja. Februari 2011 akaacha, analia mbele ya kamera, akasema mwili umemshinda. Mimi ukiniuliza, Ronaldo ninayempenda ni huyo wa Corinthians. Wa Yokohama ni wa kila mtu.

Sikupanda juu. Nilicheza namba 6 misimu kadhaa, nikapata kazi ya stoo kwenye kampuni ya malori, na sasa ni veterani, Jumapili asubuhi kabla jua halijakuwa kali, watu wenye matumbo wanagombania kona. Goti linavimba kidogo nikicheza wiki mbili mfululizo. Geuka za haraka bado siziamini.

Mwaka huu kuna msichana mmoja, beki wa kushoto, anacheza vizuri kuliko mimi nilivyowahi kucheza, naye alipiga mguu chini akageuka, tok, hakuna aliyemgusa. Wasichana wanakatika ligamenti hii zaidi ya mara 2 kuliko wavulana, mama kine anasema kila mwaka anawaona wengi zaidi tangu timu za wanawake zimeongezeka. Mama yake alinitafuta, akaniuliza kwanza kama ni kweli niliuza mechi, akajibu mwenyewe haidhuru, alafu akauliza mtoto wake atarudi kama Ronaldo. Nikamuuliza Ronaldo wa mwaka gani. Hakupenda jibu hilo, lakini siku ya kwenda kwa kine alikuwa wa kwanza kufika, na makala yake ya kuuza ameachia jirani.

Sasa tuna ugomvi na kocha wa msichana. Kuna turnua, yaani mashindano, mwisho wa kiangazi na kutakuwa na watu wa kuangalia vipaji, anasema nafasi hii hairudi, na pengine kweli hairudi, siwezi kumwambia anadanganya. Ananiita mchawi wa vijana. Jumamosi tunaenda tena uwani kwa mama kine na chaki. Akiruka na mguu mbaya akaikaribia alama ya mguu mzima tutaanza kuhesabu miezi iliyobaki pamoja na kocha mwenyewe, nimemwalika aje aone kwa macho. Amesema atakuja. Asipokuja nitampigia picha ile mistari miwili kwenye saruji nimtumie, abishane nayo.